Bodi ya ulemavu ya jeshi la Marekani kwa sisi wa akiba: nyota 3 kwa 5

Nimemaliza IDES, ule mchakato wa kupimwa kama mwili bado unafaa jeshi, na kwa vile Wakenya wenzangu wa akiba mnaniuliza kila siku acha niwaambie vile nimeuona.

La kwanza kabisa ni LOD, karatasi ya kuthibitisha uliumia ukiwa kazini. Mwenzako wa jeshi la kudumu yuko kazini saa 24 kwa hivyo haimsumbui sana, lakini sisi wa wikendi moja kwa mwezi lazima tuonyeshe mgongo uliharibikia drili na si huko stoo unakobeba maboksi Jumatatu. Ukiikosa unapelekwa ile bodi ya walioumia nje ya kazi, inaamua tu unafaa au hufai, asilimia ya ulemavu hakuna, pesa ya jeshi hakuna.

Mimi niliumia tukishusha jenereta kwa lori. Nikaambiwa ngoja tutajaza, sajini akahama, miezi ikapita, na kila nikiuliza naambiwa iko njiani. Kilichoniokoa ni kale kakaratasi ka kliniki ka siku ile, nilikuwa nimekapiga picha na simu, tarehe na saini zinaonekana vizuri. Nyota moja imeenda hapo na ile ya pili kwa kungoja, maana unaishi miezi bila kujua utapanga nini na familia.

Vipimo vya VA, ile idara ya serikali ya wanajeshi wa zamani, nilivipenda, unapimwa mara moja na majibu yanatumika jeshini na VA kwenyewe. Lakini sikilizeni. Niliambiwa niiname, na kwa ile tabia ya kuvumilia nikauma meno nikashuka hadi karibu na magoti. Daktari ana karula ka plastiki ka kupimia pembe, akanitazama usoni akauliza, maumivu yameanza wapi? Nikapanda polepole nikamwonyesha, hata katikati ya mapaja sikuwa nimefika. Mgongo ukiinama zaidi ya digrii 30 bila kupita 60 unapewa asilimia 20, ukiishia 30 kushuka chini ni 40. Sisemi mtu adanganye, nasema useme ukweli wa pale panapouma, kwa sababu jeshi linahesabu tu kile kinachokufanya ushindwe kazi, na kwa aliye chini ya miaka 20 ikifika asilimia 30 unastaafishwa na bima ya Tricare kwa familia, chini ya hapo unapewa pesa za mkupuo na kwaheri, na hata hizo kama hukuumia vitani VA wanazikata kwenye malipo yako ya baadaye. VA wao wanahesabu kila kitu, masikio, goti, usingizi.

Yule PEBLO wangu, mtu wa kukushika mkono kwenye makaratasi, alikuwa dhahabu, alipokea simu hata jioni. Mawakili wa jeshi ni bure kabisa na sijui kwa nini watu hawawapigii, siku za kukata rufaa ni chache mno usizimalize ukifikiria. Na kama una miaka 15 mizuri, yaani ile inayohesabika kwa pensheni, uliza kuhusu barua ya miaka 15, ile ya kukuhakikishia pensheni ya akiba, kabla hujasaini chochote.

Wewe uliyeumia wikendi iliyopita usingoje drili ijayo, piga simu kesho asubuhi uulize LOD yako imefunguliwa na nani.