Kampuni ya Kwanza kwa Dereva Mpya wa Semi-trela: Tathmini ya Waajiri wa Njia ya Tunduma

Dereva aliyetoka kupata leseni ya daraja E, awe amesoma Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo au chuo cha ufundi stadi cha VETA, hukutana na waajiri wa aina mbili katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia. Wapo matajiri wenye magari mawili matatu, wanaoajiri kwa kuletewa mtu na mtu wanayemwamini, na yapo makampuni yenye yadi, karakana na idara ya utumishi. Nimeendesha kwa pande zote mbili, na tathmini hii inamlenga anayetafuta gari la kwanza tu, kwa kuwa mwajiri anayemfaa dereva mzoefu anaweza kumharibia kazi dereva mchanga kabla hajaijua barabara. Majina ya niliowafanyia kazi nayaacha.

Nianze na tajiri mdogo, ambaye mvuto wake mkubwa ni kwamba hakuweki benchi. Ukikubaliana naye leo, huenda kesho ukawa bandarini unapakia, na posho ya safari, ile tunayoiita mileji, mara nyingi huwa nono kuliko ya kampuni. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: kwa kuwa gari lake kwa kawaida ni la siku nyingi, utajifunza kubadili mabomba ya upepo, kurekebisha breki na kusikiliza injini kwa namna ambayo dereva wa kampuni, anayepiga simu karakana kila taa ya dashibodi ikiwaka, hataijua kamwe. Lakini mwalimu wako katika hayo yote ni utingo, tena ukibahatika kupewa utingo anayeijua kazi. Hakuna dereva mkongwe atakayeketi kando yako unapoteremka mlima wa Iwambi, Mbeya, kuelekea Mbalizi ukiwa na mzigo, na hapo ndipo ninapompa tajiri mdogo alama za chini kabisa.

Sababu ni ya kiufundi. Gari na tela lenye ekseli (mihimili ya magurudumu) saba linaruhusiwa kufikia tani 56 pamoja na mzigo, na uzito huo hauzuiliki kwa breki za miguu peke yake katika mteremko mrefu: breki hupata moto, zikishapata moto hupoteza nguvu, na dereva anayegundua hivyo katikati ya kona hana tena gia ya kurudia. Inampasa achague gia ndogo akiwa bado juu, aitumie breki ya injini, na miguu aitumie kwa vipindi. Darasani jambo hili huelezwa kwa dakika chache. Kwa vitendo hujifunzwa kwa kuketi na mtu aliyeshuka mlima Kitonga, Iringa, mara nyingi akitoka Kongo na shaba mgongoni. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza kampuni yoyote ni hili: nitasafiri na nani, na kwa safari ngapi, kabla sijakabidhiwa gari? Jibu la kwamba utajifunza njiani latosha kukufanya uage kwa heshima na kuondoka.

Makampuni makubwa, katika hili, yanastahili sifa zake. Iliyonipokea ilinijaribu kwanza ndani ya yadi kwa kurudisha tela nyuma, ikanipa safari za kuandamana na mkongwe, kisha ikanipangia mizigo ya ndani ya nchi kabla ya kuniruhusu kuvuka Tunduma. Utaratibu huo unachosha, na mileji ya kipindi hicho haitoshi hata kujisifia mtaani, lakini sijaona njia bora zaidi. Kifaa cha kufuatilia gari nacho, ambacho vijana wengi hukilalamikia, hunisumbua kidogo sana, maana ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari makubwa na ule wa chini zaidi ndani ya hifadhi ya Mikumi utakubana hata kama kifaa hicho hakipo.

Kasoro ya upande huu ni makato. Ofisi hupanga lita za mafuta kwa kila safari, na pungufu likionekana hukatwa katika mshahara bila maelezo, iwe umesota foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, injini ikiwaka au umepakiwa mzigo mzito kuliko ulioandikwa. Dereva mpya afahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata hasara kiholela: mwajiri anatakiwa akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya ujira wako. Sheria hiyohiyo inataka mkataba uwe wa maandishi. Matajiri wadogo wengi huupuuza kabisa, wakati makampuni hukupa usaini haraka getini gari likiwa limeshawashwa. Omba uusome siku moja kabla, na utazame kama umeandikishwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu ya mchango, na kama amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake ni wa mwajiri peke yake. Uliza vilevile faini ya kuzidisha uzito mizani ya Vigwaza au Makambako inalipwa na nani, kwa sababu anayepakia si wewe.

Hukumu yangu, basi, inaelekea kwenye kampuni ya ukubwa wa kati au zaidi, hasa ile yenye mizigo ya ndani kama saruji na mbolea, kwa muda utakaotosha kuizoea milima ya Iringa na Mbeya kiangazi na masika. Baada ya hapo, tajiri mdogo mwenye gari zuri na neno la kuaminika anaweza kuwa mwajiri bora kuliko kampuni, kwani utakuwa na uwezo wa kukataa gari lenye tairi vipara. Matangi ya mafuta yasubiri zaidi ya hapo, hata ukibembelezwa kwa mileji, kwa sababu shehena ya maji huyumba ndani ya tangi na kulisukuma gari kwenye kona kwa namna ambayo mzigo uliofungwa hausukumi. Na kabla ya kupeleka barua yako ya maombi, simama nje ya geti la yadi jioni moja uwaulize madereva wanaotoka, hasa wanaorudi safari, mara ya mwisho walilipwa lini.