KoboToolbox mikononi mwa vijana wa Likoni: fomu inakusaidia, swali litafute mwenyewe

Januari 2016 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilitoa ripoti ya utafiti wa vijana wa Kenya. Walihojiwa 1,854, wa miaka 18 hadi 35, na nusu yao walisema haijalishi mtu amepataje pesa, mradi asiishie jela. Nilikuwa bado shule ya upili. Mwalimu aliingia darasani na gazeti mkononi, akatusomea sentensi hiyo, kisha akatutazama kama waliosema ni sisi. Miaka mingi baadaye niliisoma ripoti mwenyewe nikakuta vijana haohao waliitaja imani kuwa jambo wanalolithamini kuliko yote, na kwamba asilimia 73 waliogopa kusimamia haki kwa kuhofia kulipiziwa. Hayo hatukusomewa.

Ndiyo maana kikundi chetu kilipoamua kuwauliza vijana wa Likoni, hapa Mombasa, wanajali nini na wanahofia nini, nilisisitiza tufanye kwa makini. Tulitumia KoboToolbox, chombo cha mtandaoni cha kutengeneza fomu za maswali na kukusanya majibu kwa simu, wiki tatu, wadodosaji sita, katika mitaa ya Bofu, Timbwani na Mtongwe. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza gharama. Akaunti ni bure. Mpango wa bure una kikomo cha majibu kwa mwezi, lakini kikundi cha mtaa hakitakifikia. Fomu unaitengeneza kwenye tovuti yao, kisha kila mdodosaji anapakua programu yao ya KoboCollect kwenye simu yake ya Android, anaingiza anwani ya seva, jina na nywila, fomu inashuka. Wenye iPhone hujaza kupitia kivinjari. Kilichotuokoa zaidi ni kwamba ukishapakua fomu huhitaji bando. Unahoji siku nzima bila intaneti, majibu yanakaa kwenye simu, jioni ukipata mtandao unayatuma yote kwa mkupuo. Sisi tulikuwa tunatuma baada ya magharibi, tumekaa barazani kwa mweka hazina wetu, mmoja anarusha hotspot.

Fomu ina akili pia. Tuliuliza, "Una kitambulisho?" Akisema anacho, inaruka kwenda swali jingine; akisema hana, inafungua swali la kwa nini. Kuna pia mpangilio wa kuchanganya majibu, ili chaguo la kwanza kwa huyu liwe la tatu kwa yule. Usiidharau hiyo. Mtu aliyechoka juani huchagua analosomewa kwanza, nawe utaandika kwamba vijana wote wanataka kitu kimoja.

Sasa nifike pale palipotuumiza, na kosa lilikuwa letu. Swali letu la kwanza liliandikwa hivi: "Ni maadili yapi unayoyathamini zaidi?" Chini yake tukaweka dini, heshima, familia, kazi, uhuru. Siku nzima ya kwanza majibu yalikuwa dini na heshima, heshima na dini. Nilifurahi mpaka nilipomhoji mimi mwenyewe kijana mmoja wa bodaboda. Alikuwa ameegemea pikipiki, mguu mmoja juu ya kiti, anacheka na wenzake. Nilipotamka tu neno "maadili" alishusha mguu, akavua kofia, akanijibu kwa sauti ya mtu aliye mbele ya ustadh. Pale nikaelewa. Kwetu sisi maadili ni neno la kukemewa. Tumelisikia tukiambiwa hatuna. Ukimuuliza kijana maadili yake, anakupa jibu la kumridhisha mzazi.

Usiku ule tuliliondoa. Mahali pake tukaweka maswali mawili: "Hata ulipwe kiasi gani, ni jambo gani huwezi kulifanya?" na "Kinachokunyima usingizi ni nini?" Hayo hayakuwa na chaguo. Mtu anasema, wewe unaandika, na akikubali unamrekodi sauti, maana KoboCollect ina swali la aina hiyo.

Kesho yake ilikuwa kama tumekwenda mtaa mwingine. Mmoja alisema hawezi kuuza shamba la nyanya yake hata akiletewa gunia la noti. Mwingine hawezi kula kiapo cha uongo. Msichana wa Timbwani, anayeuza viazi karai na mamake, alinyamaza muda mrefu, vidole vikikunjakunja pindo la leso, halafu akasema, "Siwezi kumchongea mtu kazini ili nipate nafasi yake. Mimi nilifanyiwa." Kuhusu usingizi walitaja kazi, karo ya wadogo zao, muguka, yale majani ya kutafuna, inavyowamaliza ndugu zao, na kuvuka feri kila alfajiri kwenda kutafuta kibarua kisichokuwepo.

Tahadhari moja kwa watakaotumia. Ukibadilisha fomu kwenye tovuti, hakikisha kila simu imeshusha toleo jipya kabla ya kutoka. Mwenzetu mmoja hakuwa na bando asubuhi ile, akahoji siku nzima kwa swali la zamani. Bahati nzuri kila jibu linaingia na alama ya toleo la fomu, kwa hiyo tulipopakua jedwali la Excel tuliweza kuyatenga. Tusingeyatenga tungechanganya waliojibu kwa woga na waliojibu kwa uhuru.

Tovuti inakuchorea grafu yenyewe kwa maswali ya kuchagua. Majibu ya wazi haikupangii hivyo. Yanataka ukae, usome moja moja, uyapange. Tulikesha siku mbili. Sioni kama ni upungufu. Mtu amekuambia linalomnyima usingizi, msome.

Jambo la faragha nalo. Kijana mmoja wa Mtongwe alikataa kuanza mpaka aone skrini. "Jina langu liko wapi hapo?" Nikampa simu, akapitia fomu yote kwa kidole, akakuta nafasi ya namba ya simu tuliyoiweka bila sababu ya maana. Akaniuliza ni ya nini. Sikuwa na jibu. Tuliifuta jioni ileile, pamoja na namba zote tulizokuwa tumeshakusanya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini aliyetukumbusha kuitii ni yeye. Chombo kitakuruhusu kuuliza chochote, hata mahali mtu aliposimama. Kujizuia ni kazi yako.

Nakipa nyota nne na nusu. Nusu nimeizuia kwa sababu mtu asiyezoea kompyuta atahitaji mwenzake wa kumwelekeza anapotengeneza fomu ya kwanza. Sisi ilituchukua jioni tatu.

Mwezi ujao tunaifungua tena, safari hii kwa wazazi. Swali la kwanza tumeshaliandika: "Mwanao ananyimwa usingizi na nini?"