The Final Shape: Verity imeniudhi, na bado nairudia

Anayesema The Final Shape, upanuzi wa mwaka 2024 wa gemu ya Destiny 2, ni safi mwanzo hadi mwisho hajasimama ndani ya Verity na watu watano asiowafahamu, wawili kati yao hawana maiki. Hili ni pambano la nne kati ya matano ya Salvation's Edge, reidi yake (misheni ndefu ya watu sita), na nitalizungumzia hili tu. Mengine ya upanuzi huu yamesifiwa vya kutosha, na kwa haki: misheni saba za kampeni hazina hata moja ya kujazia, Cayde-6, shujaa aliyeuawa mwaka 2018, amerudi na kurudi kwake kuna uzito, huzuni ya kamanda Zavala imebebwa vizuri na Keith David, aliyeipokea sauti hiyo baada ya Lance Reddick kufariki mwaka 2023. Sawa. Tuje kwenye kinachouma.

Mko sita. Gemu inawachukua watatu na kuwafungia ndani, kila mmoja chumbani peke yake. Watatu wanabaki nje. Kuna sanamu tatu zimepangwa kushoto, kati na kulia, moja kwa kila aliye ndani. Ndani, kila sanamu imeshika umbo bapa: duara, mraba au pembetatu. Nje, sanamu hizohizo zimeshika maumbo yenye kina, na kila umbo la nje ni muungano wa maumbo mawili bapa. Duara mbili ni tufe. Mraba mbili, mchemraba. Pembetatu mbili, piramidi. Duara na mraba ni mcheduara, duara na pembetatu ni pia (yaani koni), mraba na pembetatu ni mche wa pembetatu. Hisabati ya shule ya msingi kabisa, na bado inavunja timu.

Sheria yenyewe ni moja: umbo la sanamu yako usibaki nalo. Mwenye duara anatoka na mraba na pembetatu. Mwenye mraba anatoka na duara na pembetatu. Mwenye pembetatu, duara na mraba. Ukutani mwako kuna vivuli viwili vinavyokuonyesha ulichonacho. Ukiua maadui wanaobeba maumbo, unaokota na kukabidhi kwenye sanamu ya mwenzako, na kivuli kinahamia kwake. Njia salama ina hatua mbili. Kwanza kila umbo lipelekwe kwa mwenyewe, hadi kila mtu awe na lake mara mbili. Kisha kila mtu atoe moja kwa huyu na moja kwa yule. Wanaoruka hatua ya kwanza huokoa sekunde chache, halafu mmoja anapewa mraba mara mbili kwa sababu wawili wamemhurumia kwa pamoja, na wa tatu amekwama na muda unakwisha.

Nje ndiko lawama huangukia. Wa ndani wanataja maumbo matatu kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, na wa nje wanabadilishana vipande kati ya sanamu hadi kila moja ibaki na maumbo mawili yasiyo lile la ndani: duara ndani, mche wa pembetatu nje. Kila badiliko linahitaji vipande viwili: unatoa kimoja kwenye sanamu ya kwanza, kingine kwenye ya pili, vinapishana. Hali mbaya kuliko zote ni ndani kuwa duara, mraba, pembetatu, na nje kuwa tufe, mchemraba, piramidi. Hapo ni mabadilishano matatu, vipande sita, hakuna njia fupi: duara ya kushoto na mraba ya kati, kisha duara iliyobaki kushoto na pembetatu ya kulia, mwisho mraba ya kati na pembetatu ya kulia. Mkikosea la kwanza, msijaribu kulirudisha. Hesabuni upya kutoka mlipo.

Sasa hasira yangu. Hakuna mahali ndani ya gemu panapokufundisha haya. Najua reidi hazina mwalimu, ndiyo jadi tangu Vault of Glass, reidi ya kwanza ya Destiny, ya 2014. Lakini kule mgeni angeweza kusimama nyuma, akapiga risasi, akajifunza kwa macho. Verity inamnyakua yuleyule mgeni, inamfungia peke yake, na kuwafanya wenzake watano wamtegemee. Na reidi haina utaratibu wa kukukusanyia timu yenyewe, kwa hiyo unaingia kwa tangazo, na tangazo limeandikwa "ajue pambano lote". Atalijuaje? Nimesikia manahodha wakimtoa mtu kwa sababu ameuliza mara mbili pia inaundwa na nini. Swali hilo ndilo sahihi kuliko yote, na anayeliuliza kabla ya kuanza anawaokoa nyote.

Hapo pia kuna jambo kwa wanaocheza kwa Kiswahili. Acheni majina ya kitabu cha hisabati mkiwa katikati ya risasi. "Toa pia" inasikika kama unaongeza kitu, semeni koni. Mcheduara, anayesikia nusu amesikia duara, semeni silinda. Mchemraba uitwe boksi, la sivyo mtu ataokota mraba. Tufe ni mpira. Mche wa pembetatu uiteni hema, maana ndivyo linavyoonekana. Anayetaja kutoka ndani aseme mara moja, polepole, na mmoja tu wa nje arudie. Wakirudia wote watatu, hakuna aliyesikia.

Nilikusudia kusema nunueni kampeni, reidi iacheni. Hadithi yenyewe haikulazimishi: misheni ya mwisho, Excision, ni ya watu 12 wanaokusanywa na gemu, na ilifunguliwa kwa wote mara timu ya kwanza duniani ilipoimaliza reidi Juni 2024, baada ya karibu saa 19. Mwisho utauona hata usipogusa umbo moja.

Lakini siwezi kuwaambia muiache. Witness, adui mkuu wa upanuzi huu, anataka kila kilicho hai kigandishwe katika umbo moja lisilobadilika. Verity inakufanya sanamu, kisha inakutaka utoe kilicho chako hadi kiishe, na mlango unapita ukiwa umebeba maumbo ya wenzako wawili. Hakuna mazungumzo katika miaka kumi ya mfululizo wa Destiny yaliyomjibu adui huyo vizuri kuliko hapo, na anayejibu ni wewe kwa mikono yako. Ni kazi kubwa. Inaniudhi zaidi kwa sababu ni kazi kubwa, na wengi hawataifikia kwa kukosa tu chumba kimoja cha mazoezi ambacho kingewatosha.

Basi mkienda, andikeni karatasi kabla ya kuweka bendera ya kuanzia pambano. Mistari mitatu, umbo la ndani na la nje linalotakiwa: duara–hema, mraba–koni, pembetatu–silinda. Chini yake chora nafasi tatu tupu, kushoto, kati, kulia, ujaze kwa penseli wa ndani wanapotaja. Penseli, kwa sababu mzunguko ukiisha gemu inachagua tena, na sanamu ya kushoto huenda isiwe ya mtu yuleyule.