North au Scott: nadharia ipi ya taasisi kwa utafiti wa ujasiriamali?

Kila msimu wa kuandika tasnifu swali hili hurudi: ukitafiti ujasiriamali, umtumie Douglass North au W. Richard Scott?

North, mmoja wa washindi wawili wa Nobeli ya uchumi mwaka 1993, anaziita taasisi kanuni za mchezo. Mashirika ndiyo wachezaji. Kanuni nyingine zimeandikwa, nyingine ni mila. Kwa urahisi wa kupima, yuko mbele: ada ya leseni, siku za kusajili kampuni, kodi. Unahesabu, unalinganisha nchi na nchi.

Scott, mwanasosholojia, ana nguzo tatu: sheria, matarajio ya jamii, na fikra zilizozoeleka hata hakuna anayezihoji. Nguzo hizi zinakudai uende ukakae na watu. Chukua kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana: sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo wanachama watatu tofauti, na anayechelewa hulipa faini papo hapo. North atakueleza vizuri jinsi kufuli zile zinavyopunguza hatari ya wizi. Lakini kwa nini mama akope kwa jirani usiku ili kesho asionekane hana hisa? Hapo namwamini Scott zaidi. Shida yake, mpaka kati ya nguzo ya pili na ya tatu huteleza, na msimamizi makini atakubana papo hapo.

Una takwimu za nchi kadhaa na muda mfupi? Anza na North. Una kijiji kimoja, daftari na miezi sita? Scott atakufaa zaidi.