Kifaa cha Kupelekea Uzi Mtini: Kipi Kinunuliwe Kwanza na Kipi Kisubiri

Anayepanda miti kwa kamba hukabiliwa na swali moja kabla miguu yake haijaacha ardhi: kamba itafikaje juu ya tawi lililo mita 15, 25 au 40 kutoka chini? Kamba ya kupandia, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 11 hadi 13, ni nzito mno kurushwa kimo hicho. Hutangulizwa uzi mwembamba wenye kifuko cha uzito kwenye ncha yake, na uzi huo ukishavuka tawi na kurudi chini, ndio unaovuta kamba yenyewe. Vifaa vinavyolinganishwa hapa vyote vina kazi hiyo moja ya kuupeleka uzi juu, na kosa la wanunuzi wengi ni kuvipima kwa kimo peke yake.

Mimi huvipima kwa mambo mawili mengine. La kwanza ni mara ngapi uzi unaangukia kwenye panda iliyolengwa, na la pili ni kama uzi huo utashuka upande wa pili bila kubembelezwa. Kifuko kilichofika mita 35 kwa kupenya matawi matatu yasiyotakiwa kimemletea mpandaji kazi, kwa sababu itambidi akivute kirudi taratibu, auchomoe uzi kwenye kila kitawi ulichokizunguka, kisha aanze upya. Hata pale shabaha ilipokuwa njema, uzi unaposhuka hukwaruzana na gome, na kadiri unavyogusa matawi mengi ndivyo uzito mkubwa zaidi unavyohitajika kuuteremsha. Kifuko chepesi hupanda vizuri, halafu kikaning'inia huko juu kama embe bichi lisilotaka kuanguka.

Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye uzi na kifuko, hata kabla ya kufikiria mtambo wowote. Uzi mzuri una unene wa karibu milimita 2, umesukwa kwa nyuzi za polithilini ngumu zinazoteleza, na haurefuki kama mpira unapovutwa. Urefu wake uwe zaidi ya mara mbili ya kimo cha tawi, kwa kuwa lazima upande na kushuka na bado ubaki wa kushika. Kwa tawi la mita 25, uzi wa mita 60 unatosha vizuri. Vifuko vingi vina uzito wa kati ya gramu 225 na 450, vikiwa vimejazwa marisau. Nashauri vinunuliwe viwili vya uzito tofauti: cha gramu 280 hivi kwa gome laini na matawi machache, na cha gramu 400 kwa gome lenye magamba. Kiongezwe na kisanduku cha kitambaa kinachokunjika, ambacho uzi humiminwa ndani yake bila kuviringwa. Uzi uliotandazwa kwenye nyasi huokota kila kijiti na hufunga fundo wakati kifuko kiko hewani.

Katika vifaa vyenyewe, nafasi ya kwanza naipa manati kubwa ya nguzo, ile ambayo wapandaji wengi huiita kwa jina la Big Shot hata inapokuwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Ni kichwa cha chuma chenye panda na mipira miwili, kilichofungwa juu ya nguzo ya faibaglasi yenye urefu wa takriban mita 2.4 ambayo kwa kawaida hugawanyika vipande viwili. Tako la nguzo huegemezwa ardhini, kifuko huwekwa kwenye kitanda cha manati, kisha mpandaji huvuta kuelekea chini kwa uzito wa mwili wake, akiinamisha nguzo hadi macho yake, panda ya manati na panda ya mti viwe kwenye mstari mmoja. Mikononi mwa mtu aliyezoea, mita 25 hadi 30 hufikiwa bila taabu.

Faida yake kubwa ni kwamba nguvu hupimika. Mpira ukivutwa hadi alama ileile, kifuko hufika karibu kimo kilekile, na ndiyo maana nguzo yangu ina mikanda mitatu ya utepe wa rangi inayonionyesha nivute hadi wapi kwa mita 12, 18 na 25. Udhaifu wake ni mipira. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliiacha manati juani msimu mzima, na siku moja mpira mmoja ukakatika nikiwa nimeuvuta hadi mwisho. Uliniacha na mchirizi mwekundu kwenye mkono uliochukua wiki mbili kufutika. Anayenunua iliyotumika auvute mpira polepole na kuukagua karibu na vifungo, kwa kuwa nyufa ndogo huanzia hapo, na hata anayenunua mpya achukue jozi ya pili ya mipira siku hiyohiyo.

Nafasi ya pili ni mkono mtupu, na wapo watakaoshangaa kuuona kwenye orodha ya ununuzi. Nimeuweka kwa sababu anayemiliki uzi na kifuko tayari anao, na kwa sababu matawi mengi yanayopandwa kweli yako chini ya mita 18. Kurusha kwa mkono mmoja kutoka chini kwenda juu hufaa hadi mita 12 au 15. Kushika uzi kwa mikono miwili na kukipembeza kifuko katikati ya miguu huongeza mita kadhaa. Mashindano ya kupanda miti ya International Society of Arboriculture, chama cha kimataifa cha wataalamu wa utunzaji wa miti, yana shindano la kurusha uzi kwa mkono, jambo linaloonyesha jinsi wenye kazi hiyo wanavyouthamini ujuzi huu. Zaidi ya hayo, mkono ndio kifaa pekee utakachokwenda nacho juu: ukiwa umeketi kwenye mkanda katika tawi la mita 20, hakuna nguzo ya kuegemeza popote, na tawi linalofuata utalifikia kwa kurusha.

Ya tatu ni mitambo ya hewa iliyoshindiliwa, ambayo APTA ni mmoja wao. Hewa hujazwa kwa pampu, mshale wa geji huonyesha presha, na vali inapofunguliwa hewa hukisukuma kifuko chembamba kutoka kwenye bomba. Kwa miti iliyosongamana, ambako dirisha la kupitisha uzi kati ya matawi ni dogo, mtambo huu huweza kuishinda manati, kwa sababu hauutegemei mkono unaotetemeka kwa kuvuta mpira. Nauweka wa tatu kwa sababu ni ghali, una mihuri inayochakaa na vali zinazochukia mchanga, na kila jaribio lililokosea hufuatwa na dakika za kupampu. Kwa kikosi kinachofanya kazi kila siku juu ya mita 30, upandishwe hadi nafasi ya kwanza; kwa anayepanda mara mbili kwa mwezi, utakaa stoo.

Hapa ni vyema kuikumbuka hesabu moja. Kitu kinachotupwa wima hadi mita 30 lazima kiondoke chini kwa kasi ya takriban mita 24 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 85 kwa saa, hata bila kuhesabu uzito wa uzi na ukinzani wa hewa. Kifuko cha gramu 350 kwa kasi hiyo kinaweza kuvunja mfupa, na kisipokamatwa na tawi hurudi. Helmeti na miwani ya kinga si vya kuvaliwa baada ya kufika juu tu; vinahitajika zaidi wakati wa kurusha, na hakuna mtu anayepaswa kusimama chini ya mti wala nyuma yake upande ambao kifuko kitaangukia.

Upinde na mshale, pamoja na upinde wenye kifyatulio, naviweka nafasi ya nne, ingawa watafiti wa matawi ya juu ya misitu wamevitumia kwa miaka mingi na kufika mahali ambapo manati haifiki. Mshale wenye ncha butu huvuta mshipi wa kuvulia samaki kutoka kwenye kibiringo, mshipi huvuta kamba ndogo, na kamba ndogo huvuta ya kupandia. Ugumu uko kwenye kushuka: mshale ni mwepesi, kwa hiyo mara nyingi husalia juu ya majani mpaka uongezewe uzito, na mshipi ukikatika huachwa mtini ukinasa ndege. Katika nchi nyingi pia kuna masharti ya kumiliki au kubeba silaha hizi, na masharti hayo yaangaliwe kabla ya kulipa.

Manati ndogo ya mkononi yenye kibiringo cha mshipi hupendwa na wasafiri wa miguu kwa wepesi wake, lakini risasi yake ndogo haiwezi kuuteremsha mshipi kwenye gome kavu lenye magamba. Droni inafaa siku isiyo na upepo na juu ya mti ulio wazi. Ndani ya matawi, uzi na mapanga yake havipatani.

Anayevutiwa na miti mirefu mno asitafute kifaa cha kufika kileleni kwa mkupuo mmoja. Hyperion, msekoya wa California, una zaidi ya mita 115, na mti mrefu kuliko yote iliyopimwa barani Afrika, ulioko Kilimanjaro, una mita 81.5. Miti ya aina hiyo hupandwa kwa kuifikia panda imara ya kwanza kutoka chini, kisha kusonga juu tawi kwa tawi. Kinachohitajika kununuliwa ni kifaa cha kulifikia tawi hilo la kwanza, lililo hai na lenye unene usiopungua sentimita 10 mahali kamba itakapolala.

Jambo la mwisho la kununua ni kamba ya kati yenye unene wa milimita 4 au 5. Uzi wa milimita 2 ukifungwa moja kwa moja kwenye kamba ya milimita 12, fundo linalounganisha hukwama kwenye panda nyembamba. Likikwama, usiuzungushe uzi kwenye kiganja na kuuvuta kwa hasira, kwa kuwa hukata nyama. Uzungushe kwenye kipande cha mti, vuta kwa utulivu, legeza, na uvute tena ukiwa umesogea pembeni hatua chache.