Kifurushi cha vipimo 32 na siki ya kituo cha afya: nilikolipa na nilikopimwa

Nina miaka 42, nashona nguo Mbagala. Nimepima afya sehemu mbili mwaka huu, moja kwa shilingi 290,000 na nyingine bure. Naandika kwa sababu wateja wangu wananiuliza kila siku, na nimechoka kusimulia huku nina pini mdomoni.

Kilichonisukuma ni mama mkubwa. Alikuwa amekoma hedhi muda mrefu, damu ikarudi akiwa na miaka 61. Akatutania, "Ujana umenirudia." Akakaa nayo miezi saba, anafua vitambaa usiku tusione. Siku alipofikishwa Ocean Road, hospitali ya saratani, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Tulimzika mwaka 2023.

Basi Februari nikaona tangazo kwenye simu: uchunguzi wa mwili mzima, vipimo 32, punguzo kubwa. Kliniki yenyewe siitaji, maana ziko nyingi za namna hiyo mjini. Nilifika bila kula kama walivyoagiza. Mapokezi safi, kiyoyozi, dada ana sauti ya asali. Wakanipima presha, wakanitoa damu chupa tano, wakanifanyia utrasaundi ya tumbo, wakanipa chai na biskuti. Saa moja na nusu nimemaliza. Kwa usafi na haraka sina neno.

Majibu yalikuja jioni kwa WhatsApp, kurasa tisa. Hakuna aliyepiga simu. Nikawa naperuzi huku nakaanga samaki, nikafika ukurasa wa sita: kipimo cha damu kiitwacho CA-125, namba yangu 48, kawaida ni chini ya 35, imeandikwa kwa wino mwekundu. Pembeni neno "ovari", yaani vifuko vya mayai. Samaki waliungua.

Asubuhi nikapiga. Yule dada wa sauti ya asali akaniambia hicho ni kiashiria cha saratani, nijiandae kwa picha ya CT, na bei yake ni nje ya kifurushi. Hivyo tu. Wiki hiyo nilimshonea mteja gauni la harusi, mkono wa kushoto nikauweka kulia. Mume wangu akawa anaongea na mimi polepole kama anaongea na mgonjwa.

Aliyeniokoa ni mteja wangu mmoja ambaye ni nesi. Akanipeleka kwa daktari wa kina mama katika hospitali ya serikali. Mzee mmoja mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Akasoma karatasi kimya, akauliza, "Mama, siku waliyokutoa damu, ulikuwa kwenye siku zako?" Nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya pili. Akafunua ukurasa wa utrasaundi wa kliniki hiyohiyo: nina vivimbe viwili vidogo kwenye kizazi, vile wanavyoita fibroidi. Akasema hedhi inaweza kupandisha namba hiyo, vivimbe navyo vinaweza, na kwamba kipimo kile kina kazi yake hasa kwa mtu ambaye tayari ana saratani ya ovari, kufuatilia kama dawa inafanya kazi. Kumpima nacho mtu asiye na dalili ni kumtafutia usingizi umpotee. Tulirudia baada ya wiki sita: 29.

Halafu akarudi ukurasa wa nane, ambao mimi nilikuwa nimeuruka kwa sababu haukuwa na wekundu wowote. Presha 148 kwa 94. "Hii ndiyo ya kushughulikia," akasema. Akanipima tena palepale, na mara nyingine wiki iliyofuata, bado iko juu. Sasa niko kwenye dawa. Presha, jamani, ambayo unapimwa kwa dakika mbili, wao waliiandika kwa wino mweusi wakaiacha.

Swali lake la mwisho ndilo lililoniuma. "Mlango wa kizazi walikuangalia?" Tukatafuta kurasa zote tisa. Vipimo 32, na hicho hakimo. Mimi niliyetoka nyumbani kwa sababu ya mama mkubwa.

Kwa hiyo nikaenda kituo cha afya. Huko wanapima mlango wa kizazi kwa kuupaka siki, Jumanne na Alhamisi tu. Alhamisi ya kwanza nilifika saa nne, nikaambiwa idadi imetimia. Jumanne nikafika saa moja na nusu, nikawa wa tisa kwenye benchi.

Kabla ya kuingia, nesi alituketisha akatufundisha, na hapo ndipo nilipopata thamani ambayo 290,000 haikuninunulia. Alikunja ngumi: "Huu ndio mlango wa kizazi, na hapa kati ndipo penye tundu." Akasema ugonjwa huu unaletwa na kirusi cha HPV, kinachopatikana kwa kujamiiana, na karibu kila mtu anakutana nacho. Mwili wa wengi unakifukuza wenyewe. Kwa wachache kinabaki, na kutoka hapo mpaka saratani mara nyingi ni miaka 15 hadi 20. Ndiyo maana hawamhangaikii binti wa miaka 20: watakuta vidoa ambavyo vingeondoka vyenyewe. Wanaanza na miaka 30. Anayeishi na VVU ndiye anayeanza mapema zaidi, kuanzia 25, na anarudi kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa kwake ugonjwa unakimbia.

Mama mmoja wa miaka 58 akauliza mbona yeye anaelekezwa hospitali kubwa. Nesi akamjibu kwamba baada ya kukoma hedhi, ile sehemu ya kuangalia inaingia ndani, siki haiionyeshi vizuri. Yeye anafaa kipimo cha HPV chenyewe, kinachochukuliwa kwa kijiti laini. Kipimo hicho kikiwa hasi, Shirika la Afya Duniani linasema unaweza kukaa miaka mitano hadi kumi kabla ya kupima tena. Cha siki ni miaka mitatu.

Kipimo chenyewe: unalala, wanaingiza kile kifaa cha kufungulia, baridi kweli, si maumivu. Wanapaka siki hafifu, chumba kinanuka kachumbari. Nesi akaniambia nihesabu mpaka sitini. Pakigeuka peupe, pana mabadiliko. Pangu palibaki pa rangi ya waridi, hivyo ndivyo alivyosema. Mwenzangu mmoja kwenye benchi kwake palikuwa peupe. Alitusimulia mwenyewe alipotoka: wamepagusa kwa kifaa cha moto kidogo hapohapo, chini ya dakika kumi, akaambiwa wiki nne asikutane na mume. Anacheka. Alikuja kupima, akaondoka ameshatibiwa, na saratani yenyewe haikuwa imefika.

Kasoro zipo. Mlango hauna komeo, na mfanya usafi aliingia nikiwa nimelala miguu juu. Pazia halifiki ukutani. Taa ni tochi ya simu ya nesi. Na Jumanne na Alhamisi kwa mtu wa biashara ni shida, wangeongeza Jumamosi.

Matiti nesi aliyapapasa, akanionyesha cha kuangalia. Kuhusu picha ya mamografia, daktari wangu aliniambia Wamarekani tangu 2024 wanaanzia miaka 40, Shirika la Afya Duniani linasisitiza 50 hadi 69, na kwangu, bila historia ya titi katika ukoo, tutaongea tena baadaye. Mume wangu ana 56, anataka kipimo cha damu cha tezi dume kwa sababu rafiki yake amepima. Aliambiwa ni sawa, ila kwanza akae na daktari ajue namba ikipanda itampeleka wapi. Baada ya wiki yangu ile, alielewa haraka. Binti yetu alichanjwa HPV shuleni Aprili 2024, dozi moja, naye akifika 30 atapima vilevile.

Kliniki ya kifurushi: nyota mbili, moja ya usafi na moja ya chai. Kituo cha afya: nne, ya tano naishikilia mpaka waweke komeo. Ukienda, fika kabla ya saa mbili, vaa dera, usiende ukiwa kwenye siku zako, na beba maji. Kadi yangu inasema nirudi 2028.

Wiki iliyopita yule dada wa kliniki alinitumia ujumbe: kifurushi kimeshuka bei, na sasa kina vipimo 40. Nikamuuliza kama cha mlango wa kizazi kimo. Alama za bluu nimeziona, jibu bado.