Ekseli yenye nipeli ya grisi kwa trela la kusafiria: inafaa, lakini habu lazima ifunguliwe

Matrela mengi ya kusafiria siku hizi hutoka kiwandani na ekseli zenye nipeli ya grisi kwenye ncha, chini ya kifuniko kidogo cha mpira. Dexter huuza ya kwao kwa jina la E-Z Lube, na watengenezaji wengine wana zinazofanya kazi vivyo hivyo. Wauzaji hupenda kusema: bandua mpira, bandika bomba la grisi, sukuma, endelea na safari. Ekseli yenyewe imebuniwa vizuri. Kinachoponza breki za watu ni maelezo hayo mafupi.

Grisi ikiingia kwenye nipeli haifiki kwanza kwenye beringi ya nje, ingawa ndiyo iliyo karibu. Hupita kwenye tundu lililotobolewa ndani ya ekseli na kutokea nyuma kabisa, kati ya sili (pete ya mpira inayozuia grisi isitoke) na beringi ya ndani. Kutoka hapo ndipo inarudi mbele: inapenya beringi ya ndani, inajaza uwazi wa habu (kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi), inapita beringi ya nje, kisha inaonekana kuizunguka nipeli. Kwa hiyo sili ya nyuma ndiyo inayobeba msukumo wa mwanzo, na mgongoni mwake kuna breki. Ukisukuma kwa pupa, gurudumu likiwa limesimama au sili ikiwa imechakaa, grisi hupenya mdomo wa sili na kumwagikia shuu (kiatu cha breki) na sumaku ya breki ya umeme. Shuu iliyonyonya grisi haisafishiki, hata ukiiosha vipi. Badilisha, tena za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, la sivyo trela litavuta upande mmoja kila ukikanyaga breki.

Ukitaka kuitumia nipeli bila madhara, weka vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini, piga jeki chini ya fremu (bomba la ekseli hupinda likibebeshwa jeki), kisha weka stendi. Futa nipeli kwanza, maana mchanga ulioganda pale utasukumwa moja kwa moja ndani ya beringi. Tumia bomba la mkono, si la upepo wala la umeme. Sukuma taratibu huku mwenzako akizungusha gurudumu bila kusita. Mkono ukihisi ugumu, acha, zungusha kidogo, ndipo uendelee. Simama pale grisi mpya inapotokea mbele. Ya zamani hujulikana kwa weusi wake.

Grisi iwe ya lithiamu komplexi, daraja la NLGI 2 (kipimo cha uzito wa grisi), yenye kuhimili joto la angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuanza kudondoka. Usichanganye aina mbili usizojua kama zinapatana. Zisipopatana, mchanganyiko unaweza kulainika na kutiririka, ukaacha beringi kavu.

Sasa udhaifu mkubwa: nipeli haikuonyeshi beringi. Unaweza kusukuma grisi safi juu ya beringi iliyokwisha kufa. Ndiyo maana kila miezi 12 au kilomita 19,000 hivi, kinachotangulia, habu inapaswa kushuka. Osha beringi mpaka chuma kiwe kikavu na cheupe, kisha izungushe kwenye mwanga ukiangalia rola moja baada ya nyingine. Rangi ya buluu ni dalili ya kuungua. Vishimo vidogo juu ya rola au kwenye kikombe chake (pete ya chuma ambamo rola huzunguka) maana yake uso wa chuma umeanza kubanduka. Beringi hiyo hairudi, na kikombe chake kitoke nayo. Sili iwe mpya kila habu inapofunguliwa, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Katika kufunga, mambo huharibika kwenye nati. Kwa ekseli za aina hii kaza hadi kama Nm 68 huku ukizungusha habu ili beringi zikae, legeza nati bila kuizungusha habu tena, kisha kaza kwa vidole tu na utie kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke). Nati ikibana, habu huchemka. Ikilegea kupita kiasi, gurudumu hucheza na kula tairi. Baada ya kurudisha gurudumu, kaza nati zake kwa spana ya kupimia toki, na urudie baada ya kilomita 16, 40 na 80.

Njiani, kipimajoto cha miale kina faida kubwa kuliko bei yake. Kila mnaposimama, pima habu zote na ulinganishe. Moja ikizidi wenzake kwa mbali, beringi imebana au breki inaburuza, na hapo unachoma mafuta bure hata kabla hakijavunjika kitu. Ikiwa ya baridi kuliko zote baada ya mteremko mrefu, breki yake haifanyi kazi. Chungulia upande wa ndani wa rimu kama kuna michirizi ya grisi.

Kwa trela la boti linalozamishwa majini, mfumo huu tunaupa alama za juu, kwa sababu habu iliyojaa grisi haiachi nafasi ya maji. Kwa trela la kusafiria lisilogusa maji, ni msaada wa katikati ya msimu tu. Usiongeze fedha kwa ajili ya nipeli peke yake. Fedha hiyo inunue sili zenye midomo miwili na seti ya beringi za akiba za kukaa ndani ya trela.